Tableti Wodini? Kwanza Niambie Rejista Ngapi Zinastaafu Leo

Kila baada ya miezi michache huwa inazunguka video ya aina moja. Laini ya hospitali ni ndefu, mtoto analia mahali, na nesi ameinamia kompyuta anabonyeza. Mwenye simu anarekodi huku akisema, "Mnaona? Watu wanaumia na huyu anachapa tu." Ukishuka kwa komenti, ni matusi juu ya matusi.

Wasee, leo tuache matusi kidogo tuulize: nesi anaandika nini hasa? Anamwandikia nani? Na hiyo kazi yote ya kuandika ilitoka wapi?

Msimamo wangu nauweka mapema ili usingoje hadi mwisho. Kompyuta si adui wa uuguzi, na pia si mkombozi wake. Kinachoamua ni kama imekuja kuondoa maandishi yaliyokuwepo au imekuja kuongeza mengine juu yake. Historia inaonyesha hivyo, na sura yake moja kubwa iliandikwa hapa hapa Kenya, kwenye kituo cha afya kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kapsabet, kabla wengine wenu hamjazaliwa. Twende polepole.

Mama mmoja, vitabu vingapi?

Chukua mama mjamzito anayekuja kliniki mara ya kwanza. Nesi anampima presha na uzito, anamtuma maabara, anamuuliza maswali. Halafu kalamu inaanza. Anaandika kwenye kijitabu cha mama na mtoto, kile mama anabeba nyumbani. Anaandika mambo yale yale kwenye rejista ya wajawazito, ile watu wa hospitali wanaita MOH 405. Maabara nao wana kitabu chao. Siku ya kujifungua ikifika kuna faili, kuna patografu, na kuna rejista ya chumba cha kujifungulia, MOH 333. Mwezi ukiisha, mtu anaketi na rejista zote hizo anahesabu mstari kwa mstari, ajaze ripoti ya MOH 711 iende juu.

Sasa jiulize jina la huyo mama limeandikwa mara ngapi. Na bado hatujafika kwa mtoto, ambaye naye ana chanjo zake na rejista zake.

Peleka hiyo kazi kwenye zamu ya usiku. Katika wodi ya watoto wachanga ya hospitali ya umma, nesi mmoja anaweza kuwa na watoto zaidi ya kumi. Hakuna dakika inayoanguka kutoka juu. Kila dakika ya kuandika imetolewa kwa mtoto fulani ambaye alikuwa anangoja kulishwa au kubadilishiwa dripu.

Ukisikia hivyo unaweza kusema, basi waache kuandika, wahudumie watu. Hapana. Hapo ndipo historia inaingia.

Nesi aliyehesabu waliokufa

Florence Nightingale tunamjua kama yule mama wa taa. Shuleni walituambia alikuwa anazunguka usiku akiwaangalia wanajeshi waliojeruhiwa. Hiyo ni nusu ya stori, na kwangu ni nusu ndogo.

Mwezi Novemba 1854 alifika Scutari, upande wa pili wa maji kutoka Istanbul, akiwa na wanawake 38, kuwauguza wanajeshi wa Uingereza waliokuwa vitani Crimea. Alikuta uchafu, kunguni, mabomba ya maji machafu yaliyoziba. Alikuta pia fujo ya aina nyingine: hesabu za vifo hazikukubaliana. Wanajeshi walikuwa wanazikwa kila siku, na hakuna aliyeweza kusimama akasema kwa hakika ni wangapi wamekufa na kwa nini.

Aliporudi Uingereza mwaka wa 1856 hakuenda kupumzika. Alishirikiana na mtaalamu wa takwimu William Farr, wakapanga namba, na mwaka wa 1858 akachapisha mchoro wa mviringo uliogawanywa kwa miezi na kupakwa rangi. Ulionyesha kitu ambacho wakubwa wa jeshi hawakutaka kusikia: wanajeshi wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na magonjwa ambayo usafi ungezuia. Karibu wakati huo huo akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika chama cha wanatakwimu cha London.

Sikuambii hivi ili umsifu mzungu wa kitambo. Nakuambia kwa sababu ya jambo moja: mwanzoni kabisa mwa uuguzi wa kisasa, rekodi ilikuwa sehemu ya kumhudumia mgonjwa. Bila hizo namba, ingekuwa vigumu kuwaonyesha wakubwa ni nini hasa kilichowaua wanajeshi. Nesi anapoandika presha ya mama saa nane usiku, anamwachia nesi wa asubuhi macho yake. Asipoandika, yule wa asubuhi anaanza upya, na mgonjwa ndiye anayelipa.

Karatasi iliyojua kushauri

Watu wakisikia teknolojia ya kusaidia kufanya maamuzi, wanafikiria roboti. Lakini mojawapo ya vifaa bora vya aina hiyo kuwahi kuwekwa mikononi mwa wakunga ilikuwa karatasi, na ilichorwa Afrika.

Mwaka wa 1972, Hugh Philpott na W. M. Castle walikuwa wakifanya kazi katika mji ulioitwa Salisbury, ambao leo ni Harare. Shida yao ilikuwa hii. Wakunga wengi walikuwa kwenye kliniki ndogo mbali na hospitali kubwa. Mama akishikwa na uchungu, mkunga anapaswa kuamua: huyu atajifungua salama hapa, au nimtume hospitali? Ukituma kila mtu, hospitali inafurika. Ukichelewa kumtuma anayehitaji, unaweza kumpoteza yeye au mtoto, au wote wawili.

Tayari kulikuwa na grafu ya uchungu wa kuzaa, iliyotokana na kazi ya daktari wa Marekani Emanuel Friedman katika miaka ya 1950. Philpott na Castle waliongeza mistari miwili. Wa kwanza ni wa tahadhari: uchungu ukishika kasi, mlango wa kizazi ulitarajiwa kufunguka angalau sentimita moja kwa saa. Mkunga anaweka alama kila anapompima mama. Alama zikivuka kulia mwa mstari, maana yake mambo yanakwenda polepole kuliko inavyofaa, anza mipango ya kumhamisha. Mstari wa pili umechorwa saa nne mbele. Ukifikiwa huo, lazima hatua ichukuliwe.

Karatasi hiyo haina betri wala intaneti. Lakini inachukua vipimo alivyoandika mkunga na kumrudishia jibu papo hapo. Anachoandika ndicho kinachomsaidia kuamua.

Mwaka wa 1987 mkutano mkubwa wa dunia kuhusu uzazi salama ulifanyika Nairobi, na katika miaka iliyofuata Shirika la Afya Duniani likaisukuma patografu kwa nguvu. Lililijaribu wazo hilo katika hospitali za Indonesia, Malaysia na Thailand kwa wanawake 35,484, na matokeo yakatoka mwaka wa 1994. Uchungu uliozidi saa 18 ulishuka kutoka asilimia 6.4 hadi asilimia 3.4. Hiyo ni karatasi na kalamu, wasee.

Lakini kuna upande wa pili, na wakunga wenyewe wanaujua. Wodi ikiwa imejaa na mkunga yuko peke yake, patografu hujazwa baada ya mtoto kuzaliwa, kwa sababu msimamizi atakagua faili. Alama zinapangwa vizuri, mstari unapanda bila shida, kila kitu kiko sawa. Ila sasa karatasi haimshauri mtu yeyote. Inamkinga tu mkunga asiitwe ofisini. Kifaa ni kile kile, mistari ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anayehudumiwa.

Kumbuka hiyo, kwa sababu itarudi tukifika kwa kompyuta.

Shida si ujinga

Turuke bahari hadi Indianapolis, Marekani, na nina sababu: barabara ya kutoka pale inaishia Nandi.

Mwaka wa 1972 daktari anayeitwa Clement McDonald wa taasisi ya Regenstrief alianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Kisha akafanya jaribio. Kompyuta ilipitia rekodi za mgonjwa na kuchapisha ukumbusho kwa karatasi: huyu anatumia dawa fulani na hajapimwa damu, huyu presha yake imepanda. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1976. Madaktari walipopewa vikumbusho walichukua hatua kwa asilimia 51 ya matukio yaliyohitaji hatua. Bila vikumbusho, asilimia 22.

Sasa sikiza sehemu tamu. Kiwango cha masomo cha daktari hakikuleta tofauti. Waliosoma zaidi na waliosoma kidogo walisahau vilevile. McDonald alifikia uamuzi kwamba makosa mengi ya aina hiyo hayatokani na ujinga wala uvivu. Yanatokana na ukweli kwamba binadamu ana kikomo cha mambo anayoweza kushika kichwani kwa wakati mmoja.

Soma hiyo tena ukifikiria nesi wa ile video. Sisi tukiona kosa hospitalini tunarukia tabia: hajali, hana utu, anataka tu mshahara. Wakati mwingine ni kweli, sikatai, kila kazi ina watu wake. Lakini mtu mwenye wagonjwa ishirini na dawa za saa tofauti tofauti atasahau kitu hata akiwa malaika. Hata umtume semina ngapi, bado atasahau. Anachohitaji ni kitu cha kumkumbusha kwa wakati unaofaa.

Mosoriot, Februari 2001

Chuo Kikuu cha Indiana na Chuo Kikuu cha Moi wamekuwa wakishirikiana katika mambo ya tiba tangu karibu mwaka wa 1990. Kupitia ushirikiano huo, wazo la Indianapolis likasafiri hadi Kituo cha Afya cha Mosoriot, Nandi.

Wakati huo kila kliniki ndani ya kituo ilikuwa na daftari lake. Ukipita kwa nesi wa watoto uliandikwa, ukipita maabara uliandikwa, ukienda kuchukua dawa uliandikwa tena. Mwezi Februari 2001 mfumo mpya ukawashwa. Usifikirie kitu cha ajabu. Ilikuwa programu ya kawaida ya Microsoft Access, na umeme wa akiba ili stima ikipotea kazi isilale. Wahudumu hawakulazimishwa kuchapa. Kila mgonjwa alibeba fomu moja ya karatasi iliyopita naye kila chumba, kisha yaliyomo yakaingizwa kwenye kompyuta. Fomu hiyo moja ilichukua nafasi ya yale madaftari mengi.

Hapo ndipo kuna fundisho, na watu wengi wanalipita. Ushindi wa Mosoriot haukuwa kompyuta peke yake. Ushindi ulikuwa kwamba madaftari yaliondolewa. Kuna kitu kilitoka ndipo kingine kikaingia.

Kwa miezi sita ya kwanza waliingiza ziara 10,000 za wagonjwa 6,190. Watafiti walikuwa wamepima muda kabla ya mfumo kuja, wakapima tena baadaye. Ziara ya mgonjwa ilifupika kwa asilimia 22. Muda wa kungoja ulionekana kupungua kwa asilimia 38. Wafanyakazi wakapunguza sana muda wa kuulizana mambo wao kwa wao.

Poa, sivyo? Lakini ngoja. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba muda wa mgonjwa akiwa na mhudumu ulishuka kwa asilimia 58, na wafanyakazi wakapata muda zaidi wa shughuli zao binafsi.

Mimi hapo husimama. Sina shida na nesi kupata dakika ya kunywa chai, anaihitaji kuliko wengi wetu. Na inawezekana kabisa kwamba sehemu kubwa ya muda uliopotea ilikuwa ni ule wa mgonjwa kuketi akimwangalia mtu akiandika. Lakini namba hiyo inauliza swali ambalo miaka zaidi ya ishirini baadaye bado hatuulizi: mashine ikiokoa dakika kumi, hizo dakika zinaenda wapi? Zinarudi kwa mgonjwa? Zinampa nesi pumzi? Au zinakuwa sababu ya kumwongezea wagonjwa kumi zaidi na kumpunguza mwenzake mmoja kwenye zamu? Kompyuta haijibu swali hilo. Anayejibu ni anayepanga zamu na bajeti.

Eldoret na mfumo uliozunguka dunia

Mwishoni mwa 2001 mpango wa AMPATH ulianza kutoa matibabu ya virusi vya Ukimwi katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, na hapo Mosoriot. Wagonjwa waliongezeka haraka. Mwaka wa 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich kutoka Regenstrief walifika Eldoret na kuona kwamba ule mfumo mdogo hautahimili. Badala ya kuupiga viraka, wakaanza kubuni mwingine, wakaungana na watu wa shirika la Partners In Health na wenzao wa Afrika Kusini. Ukaitwa OpenMRS. Msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuuchukua bure na kuubadilisha. Ulianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006, ukaenda Rwanda mwaka huo huo, na leo uko katika makumi ya nchi. Kwa hiyo ukisikia ati Afrika hupokea teknolojia tu, mwambie msee aende akasome kuhusu Eldoret.

Kisha vikumbusho vya McDonald vikaja na vyenyewe. Katika kliniki ya watu wazima Eldoret, kompyuta ilichapisha muhtasari wa mgonjwa ukiwa na ukumbusho kama amechelewa kupimwa CD4, kile kipimo cha kinga ya mwili. Utafiti uliotoka mwaka wa 2011 ulionyesha vipimo vilivyochelewa viliagizwa kwa asilimia 53 palipokuwa na ukumbusho, dhidi ya asilimia 38 pasipokuwa nao. Kwa upande wa watoto tofauti ilikuwa kubwa zaidi: utafiti wa 2013 uliripoti kwamba kazi zilizochelewa zilikamilishwa kwa asilimia 68, dhidi ya asilimia 18. Watoto hao ni wale ambao wangerudi nyumbani bila kipimo, na hakuna ambaye angejua.

Kuna stori nyingine kutoka upande huo wa Mosoriot ambayo naipenda zaidi. Watu wanaoishi na virusi, wenye elimu ya sekondari, walipewa kompyuta ndogo za mkononi zilizopangwa maswali na maonyo. Waliwatembelea wagonjwa wenzao nyumbani, wakauliza maswali yaliyo kwenye kifaa, na dalili ya hatari ikitokea kifaa kikawaambia wamtume mgonjwa kliniki. Wagonjwa hao walienda kliniki kila miezi mitatu badala ya kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja, afya yao haikuonyesha tofauti kubwa na ya wale waliofuata utaratibu wa kawaida, ila walikuwa wameenda kliniki karibu nusu ya mara za wenzao. Hebu fikiria nauli zilizookolewa hapo, na siku za kazi ambazo hazikupotea kwenye laini.

Malawi nao walichukua njia yao. Wakati sisi tulitegemea makarani kuingiza data kutoka kwa fomu, shirika la Baobab Health lilianza mwaka wa 2001 kuwatengenezea wahudumu skrini za kugusa, ili nesi ambaye hajawahi kushika kibodi aguse majibu mgonjwa akiwa mbele yake. Faida yake ni kwamba ushauri unakuja mgonjwa angali hapo. Karani akiingiza data kesho, onyo linafika mgonjwa ameshafika nyumbani.

Tulivyofika kwa ile video

Kama tulianza vizuri hivyo, mbona mambo yako vile yalivyo?

Mwaka wa 2011 Kenya ilisambaza nchi nzima mfumo wa mtandaoni wa ripoti za afya, DHIS2. Mwaka uliofuata KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, ikaanza kupelekwa kwenye kliniki za HIV, na baadaye ikafika mamia ya vituo. Kazi nzuri. Lakini angalia pesa zilielekea wapi. Kliniki za HIV zilipata mashine na makarani kwa sababu wafadhili walihitaji ripoti. Wodi ya kawaida, ambako nesi anakabidhiana na mwenzake zamu, ilibaki na faili la karatasi na kalamu inayoisha wino.

Na mfumo ulipofika, mara nyingi rejista hazikuondoka. Nesi anajaza kitabu halafu anajaza skrini, kwa sababu kitabu ndicho mkaguzi atauliza, na skrini ndiyo ofisi itauliza. Sistimu ikilala, anaandika kwenye karatasi ili aingize baadaye. Baadaye ni saa ngapi? Ni baada ya zamu, bila malipo. Ile patografu inayojazwa mtoto akishazaliwa imerudi, sasa ina chaja.

Tuliona pia hatari ya kujenga kwa pesa za wengine. Mwezi Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, wafanyakazi wengi waliolipwa na miradi, makarani wa data wakiwemo, walitumwa nyumbani. Kazi yao haikwenda nao. Ilibaki mezani ikimngoja nesi.

Sheria tunazo. Sheria ya kulinda data ni ya 2019, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ilitiwa saini mwezi Oktoba 2023. Bima mpya ya SHA ilianza tarehe 1 Oktoba 2024, nayo inategemea mtandao tangu unapojisajili hadi hospitali inapolipwa. Kwa hiyo skrini zitaongezeka tu. Na sasa akili bandia imeingia. Hapa Nairobi, kliniki za Penda Health zilijaribu programu inayopitia anachoandika mhudumu na kumwonyesha rangi: kijani endelea, njano tazama tena, nyekundu simama. Ripoti ya 2025, iliyohusu ziara 39,849 katika kliniki 15, ilionyesha makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Wengi wa wahudumu hao si manesi, lakini wazo ni lile lile la Philpott: mstari wa tahadhari, mstari wa hatua. Na kama kwa patografu, haikutosha kuwapa watu kifaa na kuondoka. Walifundishwa, wakafuatwa, wakasikizwa.

Tusidanganyane pia kuhusu kikomo chake. Onyo likipiga kelele kwa kila kitu, mtu anazoea kulifunga bila kusoma. Na ukumbusho wa kupima damu haupimi damu. Kama kemikali za maabara zimeisha, au mashine iliharibika tangu juzi, skrini itawaka nyekundu hadi kesho na mgonjwa atabaki vile vile.

Kwa hiyo tuulize nini?

Kuna wale wanaosema manesi wa kitambo walikuwa na utu, kompyuta imeua utu. Nawauliza: ni lini hasa nesi wa Kenya hakuwa na kitabu mkononi? Kabla ya skrini alikuwa ameinamia rejista, ila hakukuwa na simu ya kumrekodi. Na kuna wale wa upande mwingine, kila shida kwao dawa ni kutengeneza programu. Nawauliza: programu yako inaondoa nini?

Hilo ndilo swali nataka mbebe. Wengine wenu mko chuo cha uuguzi sasa hivi, wengine mnaandika msimbo, wengine mtakuwa kwenye hiyo laini wiki ijayo mkiwa na mtoto wa dada yenu. Siku kaunti yako itaita waandishi wa habari kuzindua tableti, utepe ukatwe na picha zipigwe, usiulize zilinunuliwa pesa ngapi peke yake. Uliza: leo rejista ngapi zinastaafu? Nesi ataandika jina la mgonjwa mara ngapi kuanzia kesho? Stima ikipotea saa nane usiku, atafanya nini? Mfadhili akiondoka, nani atalipa? Manesi wangapi waliketi na waliobuni hii kitu kabla haijanunuliwa?

Kama jibu la swali la kwanza ni sifuri, basi hakuna kilichozinduliwa isipokuwa kazi ya ziada. Na mwenye kuilipia atakuwa nesi wa zamu ya usiku, kwa dakika zake, na yule mgonjwa wa kitanda cha mwisho ambaye hajafikiwa.